Mshika Fimbo Asiwe Mshauri wa Wanafunzi

Kila ifikapo Julai, stendi za mabasi za Nachingwea na Ruangwa hupokea wageni ambao si wanunuzi wa ufuta wala maofisa waliohamishwa kikazi. Ni vijana wa miaka kumi na saba, kumi na minane, mara nyingine ishirini. Mmoja anashusha tranka la bati, mwingine godoro lililofungwa kwa kamba, wa tatu ameshika ndoo mkono mmoja na fomu ya kujiunga na shule mkono wa pili. Wametoka Kagera, Mara, Tanga au Mbeya, na wengi wao hawajapata kuiona Lindi ila kwenye ramani. Siku hizo hizo vijana wa Umwera nao wanapanda mabasi kuelekea huko walikotoka wenzao. Hawa ndio waliochaguliwa kuingia kidato cha tano.

Utaratibu wa kuwapeleka vijana wetu nje ya mikoa yao ni miongoni mwa mambo yaliyolijenga taifa hili. Kijana wa Kihaya na kijana wa Kimwera waliolala bweni moja na kula ugali na maharage ya sufuria moja hawawezi baadaye kudanganywa kirahisi kwamba wao ni watu mbali mbali. Sina nia hata kidogo ya kuupinga utaratibu huo. Nia yangu ni kuuliza swali moja: baada ya kijana huyo kupokelewa, kuandikwa katika daftari na kuonyeshwa kitanda chake, ni nani shuleni hapo ambaye kazi yake ni kujua moyo wake umekaaje?

Makaratasi yanalo jibu. Wizara ya Elimu imekwisha toa mwongozo wa unasihi na ulinzi wa mtoto shuleni, na unasihi si neno geni tena katika mikutano ya walimu. Lakini katika shule kadhaa nilizopata kuzitembelea kwa kazi yangu, nilipouliza mshauri wa wanafunzi ni nani, nilionyeshwa mwalimu yule yule wa nidhamu. Asubuhi yu mstarini na fimbo. Mchana anatakiwa awe mtu wa kuambiwa siri. Hoja yangu leo ni kwamba mambo haya mawili hayawezi kukaa katika mkono mmoja, na kwamba kwa kuyachanganya tumewaacha vijana wetu wakubwa bila mtu wa kumwendea.

AMEKUA, LAKINI BADO NI MTOTO WA WATU

Kuna kosa moja ambalo wengi wetu tunalifanya bila kukusudia. Mtoto wa shule ya msingi tunamwangalia. Wa kidato cha kwanza tunamhurumia. Lakini wa kidato cha tano na cha sita tunamwona amekwisha kuwa mtu mzima. Ana ndevu, au ni binti ambaye kijijini kwao wenzake wa rika lake wamekwisha olewa. Yeye ndiye kiranja, ndiye anayegonga kengele, ndiye anayewatuliza wadogo wanapolia usiku. Kwa kuwa yeye ndiye anayewaangalia wengine, basi hakuna anayekumbuka kumwangalia yeye.

Hebu tuutazame mzigo alioubeba. Yuko mbali na kwao, pengine safari ya siku mbili. Mbele yake upo mtihani mmoja wa Mei ambao utaamua kama ataingia Chuo Kikuu au hataingia. Nyuma yake ipo familia inayongoja. Hapa kwetu fedha ya nyumba huja kwa msimu: ufuta mwezi Juni na Julai, mbaazi baadaye, kisha korosho kuanzia Oktoba. Ni kweli kwamba tangu mwaka wa fedha wa 2022/23 Serikali imefuta ada ya kidato cha tano na sita, na jambo hilo limewapumzisha wazazi wengi. Lakini nauli, godoro, sare, madaftari na matumizi madogo madogo havikufutwa. Bei ya ufuta ikianguka, kijana anajua kabisa kwamba tranka analolishusha stendi limenunuliwa kwa chakula cha wadogo zake. Hakuna aliyemwambia, ameona mwenyewe. Tangu siku hiyo kila alama mbaya anayoipata darasani si alama tu, bali ni deni.

Msichana ana mzigo wake wa ziada. Wapo wanaume wenye fedha za msimu mifukoni. Zipo barua kutoka nyumbani zinazouliza masomo yatakwisha lini. Yupo pia yule aliyerudi darasani baada ya kujifungua, kwa ruhusa iliyotolewa na Serikali Novemba 2021, ambaye mwili wake uko darasani na nusu ya moyo wake iko kwa mtoto aliyemwacha kwa bibi. Sheria imemfungulia mlango, lakini sheria haiwezi kukaa naye jioni anapolia.

Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba kijana mmoja kati ya kila saba wenye umri wa miaka 10 hadi 19 ana tatizo fulani la afya ya akili, na kwamba nusu ya matatizo hayo yanayowasumbua watu wazima huanza kabla ya kutimiza miaka 18. Hesabu hiyo ni ya dunia nzima, si ya Nachingwea peke yake. Hata hivyo sioni sababu ya kuamini kwamba Mwenyezi Mungu ametusamehe sisi wa kusini. Mwalimu mwenye wanafunzi arobaini na wawili darasani na atazame madawati yake, akijua kwamba kwa kadirio hilo sita kati ya waliokaa mbele yake wamebeba kitu kizito kuliko vitabu.

Isieleweke kwamba kila huzuni ni ugonjwa. Kijana aliyefiwa atalia, aliyeshindwa mtihani atasikitika, na aliye mgeni atakumbuka kwao. Hayo ni maisha. Jambo la kuogopa ni pale huzuni inapokaa wiki baada ya wiki, ikamnyima mtu usingizi, chakula na hamu ya mambo aliyokuwa akiyapenda. Hiyo ndiyo wataalamu wanaiita sonona. Nayo haiondoki kwa kuambiwa ujikaze, kama vile malaria isivyoondoka kwa kuambiwa ujikaze.

NILIYOYAONA MWENYEWE

Mimi nami nilipata kuwa mmoja wa hao wenye magodoro. Nilitoka kijiji kimoja cha Nachingwea nikapelekwa shule ya mbali, ambayo sitaitaja, maana sipendi kuonekana kwamba naishitaki shule moja kwa kosa la wengi. Bwenini nililala kitanda cha juu. Cha chini alilala kijana wa Ruangwa. Alikuwa hodari wa hesabu kuliko sisi sote, na usiku wa Jumamosi ndiye aliyekuwa akitufundisha.

Katika muhula wa pili alibadilika. Alianza kuchelewa mstarini. Akawa analala darasani. Alipewa adhabu, akachelewa tena, akapewa adhabu nyingine. Aliacha kula chakula cha jioni, na sisi wenzake, kwa ujinga wa ujana, tulikuwa tukigombania sahani yake. Mara mbili alikwenda zahanati akilalamika kichwa, akapewa dawa za maumivu. Katika ripoti ya muhula iliandikwa kwamba amekuwa mvivu na mkaidi.

Baba yake alikuwa amefariki. Habari zilimfikia kwa barua, majuma mawili baada ya maziko, na hakumwambia mtu. Mtu wa kwanza kujua pale shuleni hakuwa mwalimu wala kiranja wala mimi niliyelala juu yake. Alikuwa mlinzi wa usiku, mzee ambaye hakupata kusoma zaidi ya darasa la nne. Alimkuta amekaa nje saa nane za usiku, akamwuliza, "Mjukuu wangu, una nini?" Kisha akanyamaza akangoja jibu. Hiyo ndiyo elimu yote aliyoitumia.

Rafiki yangu hakumaliza kidato cha sita. Aliondoka kabla ya mtihani. Leo ni mkulima mwema na tunasalimiana vizuri kila nirudipo nyumbani. Yeye halaumu mtu. Mimi ndiye ninayejilaumu, na ninawakumbuka walimu wetu wale, ambao hawakuwa watu wabaya. Mwalimu wa nidhamu alikuwa ndiye huyo huyo mshauri. Kijana aliyechapwa na mtu asubuhi atamwendeaje mtu huyo huyo jioni kumwambia, "Mwalimu, baba yangu amekufa"?

MWILI HUSEMA KINYWA KIKIFUNGWA

Wapo watakaodhani kwamba mambo ya afya ya akili ni habari mpya zilizoletwa na simu na luninga. Historia ya nchi yetu yakanusha. Tarehe 30 Januari 1962, majuma machache tu baada ya Uhuru, wasichana wa shule ya bweni ya Kashasha, karibu na Bukoba, walianza kucheka na kulia bila kujizuia. Wengine walikimbia huku na huku, wengine walikataa kushikwa. Kati ya wanafunzi 159 wa shule hiyo, 95 walipatwa na hali hiyo, na katikati ya Machi shule ikafungwa. Baadaye hali hiyo ikaenea vijijini na katika shule nyingine.

Madaktari walipima damu, wakapima chakula na maji. Hawakuona kijidudu wala sumu. Jambo moja lilionekana wazi: walimu hawakupatwa. Waliopatwa ni watoto, na wataalamu waliolichunguza tukio hilo miaka mingi baadaye wameona ndani yake alama ya mfadhaiko wa watu wasio na njia ya kusema yaliyo moyoni mwao. Msichana wa bweni wa mwaka 1962, mwenye masharti ya shule upande mmoja na matumaini makubwa ya wazazi upande mwingine, hakuwa na ofisi ya kuingia na kusema, "Nimeelemewa." Mwili wake ukasema kwa niaba yake.

Hata leo hatukosi kusikia kwamba katika shule fulani wasichana wameanguka na kupiga kelele. Huitwa shehe, huitwa padri, na wengine humwita mganga kwa siri. Siwadharau viongozi wa dini, maana sala huwatuliza watu. Lakini baada ya sala ni nani anayebaki na wasichana hao, mmoja mmoja, kuwauliza wanalala vipi, wanaogopa nini na nani anawasumbua? Tukio likipita, shule hupumua, ratiba huendelea, na chanzo hubaki pale pale.

FIMBO NA SIKIO

Sitaki kuingia leo katika ubishi wa kwamba fimbo ifutwe au isifutwe. Kanuni za mwaka 2002 zimeiwekea adhabu ya viboko mipaka: isizidi viboko vinne, itolewe na mkuu wa shule au mwalimu aliyepewa idhini naye kwa maandishi, na iandikwe katika daftari. Kila mwalimu anazijua kanuni hizo, na kila mwalimu anajua pia ni wapi hazifuatwi. Ninachokisema ni kidogo zaidi ya hapo, na nadhani hata mtetezi mkubwa wa fimbo atakubaliana nami. Yeyote aliyepewa idhini ya kuchapa asipewe kazi ya unasihi.

Hakimu hawi wakili wa mshitakiwa. Polisi hawi muungamishi. Si kwa sababu hakimu ni mtu mbaya, bali kwa sababu kazi yake inamtaka atumie kila analolijua katika kuhukumu. Mshauri kazi yake ni kinyume cha hiyo: analolijua analitumia katika kusaidia. Mwanafunzi si mjinga. Akiona kwamba maneno aliyoyasema ofisini Jumatatu yametajwa mstarini Jumatano, hatarudi, na wenzake wote watajifunza kwake.

Mshauri naye na awe na mipaka inayojulikana. Siri ya mwanafunzi itunzwe, isipokuwa pale ambapo uhai wake au wa mwingine uko hatarini, au pale anapotendewa uovu na mtu mzima. Hapo hapana budi kutoa habari panapohusika, na kijana aambiwe tangu mwanzo kwamba ndivyo itakavyokuwa. Tena mshauri asiogope kuuliza wazi. Wengi wetu huamini kwamba ukimwuliza kijana aliyekata tamaa kama amepata kufikiri kujidhuru, utakuwa umemtia wazo hilo kichwani. Wataalamu wamelichunguza jambo hili na kuona kwamba sivyo. Swali la upole humpa nafasi ya kutua mzigo. Kijana anayesema kwamba afadhali asingekuwapo, anayegawa vitu vyake, aliyejitenga ghafla na wenzake, asingojewe hadi mwisho wa muhula. Asiachwe peke yake, na apelekwe hospitali siku hiyo hiyo.

SI MAMBO YA KIZUNGU

Wapo watakaosema kwamba haya ni mambo ya Ulaya, na kwamba wazee wetu waliishi bila washauri. Wanaosema hivyo wameisahau nchi yao. Katika Umwera, kama ilivyo kwa Wayao, Wamakua na Wamakonde, kijana hakuvuka kutoka utotoni kwenda utu uzima akiwa peke yake. Jandoni alikuwa na mlezi wake. Unyagoni mwali alikuwa na kungwi, na uhusiano wao haukuisha siku ya kutoka; mwanamke aliweza kumwendea somo wake hata baada ya kupata watoto. Na tazameni hekima iliyokuwamo: mara nyingi mtu huyo hakuwa baba wala mama mzazi. Wazee walijua kwamba yapo maneno ambayo mtoto hawezi kumwambia anayemlisha na anayemwadhibu.

Siutetei unyago kwa kila kitu chake. Tunajua kwamba ngoma za baada ya mavuno zimewatoa watoto wengi darasani, na kwamba baadhi ya mafunzo yake yamewaharakisha wasichana kuingia katika ndoa. Hayo tuyapige vita. Lakini tulipomtoa kijana jandoni tukamweka bwenini, tulimwondolea kungwi bila ya kumpa badala yake. Hilo ndilo pengo ninalolisema.

Nchini Zimbabwe, daktari wa magonjwa ya akili Dixon Chibanda alianza mwaka 2006 kuwatumia akina bibi katika mtaa wa Mbare, mjini Harare. Madaktari wa fani yake walikuwa wachache mno kwa nchi nzima. Akina bibi hao walifunzwa kusikiliza na kumsaidia mtu kutatua shida moja baada ya nyingine, wakakaa kwenye benchi la mbao nje ya zahanati. Utafiti uliotangazwa mwaka 2016 ulionyesha kwamba waliosaidiwa na mabibi hao walipata nafuu kubwa kuliko waliopewa huduma ya kawaida. Washona wana neno lao la ugonjwa huo, lenye maana ya kuwaza kupita kiasi. Mswahili naye husema, "Ana mawazo." Ni ugonjwa ule ule, na dawa ya kwanza ni ile ile.

Jirani zetu wa Kenya nao wamejaribu kwa vijana wa sekondari. Mpango uitwao Shamiri uliwachukua vijana waliomaliza shule karibuni, ukawapa mafunzo mafupi, kisha wakakaa na wanafunzi kwa makundi, saa moja kwa wiki, kwa majuma manne. Walizungumza juu ya kukua, kushukuru na kuyajua mambo mtu anayoyathamini. Utafiti uliotangazwa mwaka 2021 ulionyesha kwamba dalili za sonona na wasiwasi zilipungua. Saa nne tu! Shule gani ya Nachingwea au Ruangwa itakayoshindwa kupata saa nne katika muhula?

Wengine watasema kwamba tutawadekeza. Hao nawakumbusha jambo wanaloliona kila msimu. Timu yetu ya Namungo, iliyopanda Ligi Kuu mwaka 2019 na msimu uliofuata ikafika hatua ya makundi ya Kombe la Shirikisho la Afrika, ikicheza pale Uwanja wa Majaliwa, mchezaji akianguka daktari hukimbia uwanjani. Hakuna shabiki anayesema kwamba mchezaji amedekezwa. Anatibiwa ili arudi kucheza. Kwa nini tuwe na daktari wa goti la mchezaji, tusiwe na sikio kwa moyo wa mwanafunzi?

NINI KIFANYIKE

Nayaelekeza maneno haya kwa watu wenye mamlaka ya kutenda, yaani walimu, wakuu wa shule na watumishi wa Halmashauri zetu mbili. Hakuna ninalolitaja ambalo lahitaji fedha za wafadhili.

Kwanza, kila mkuu wa shule atenganishe kazi hizi mbili kuanzia muhula ujao. Ateue mshauri mwanamume na mshauri mwanamke, awaondoe katika idhini ya kuchapa, na awapunguzie vipindi. Kazi isiyo na saa yake katika ratiba ni jina tu. Tena wanafunzi waulizwe kwa kura ya siri ni mwalimu yupi wanayemwamini. Watu wa Nachingwea tunayo sababu ya pekee ya kukumbuka umuhimu wa kuuliza kwanza. Mwaka 1947 Waingereza walileta hapa mpango wao mkubwa wa karanga, wakafyeka misitu na kutandika reli kutoka Mtwara, na mwaka 1951 wakauacha, kwa kuwa waliupanga mbali bila kuujua vya kutosha udongo na mvua. Mpango wa kuwasaidia vijana uliofanywa bila kuwauliza vijana utakwenda njia hiyo hiyo ya karanga.

Pili, simu. Nchi yetu ina namba 116 ya Huduma ya Simu kwa Mtoto, ambayo hupigwa bure. Lakini mwanafunzi wa bweni haruhusiwi kuwa na simu. Namba iliyobandikwa ukutani kwa mtu asiye na simu ni pambo. Shule na itenge simu moja, mahali pa faragha, saa zinazojulikana, na mwanafunzi asidaiwe kueleza anampigia nani. Simu hiyo hiyo imfikishie habari za nyumbani kwa njia ya kibinadamu, asije mwingine akapata msiba kwa barua.

Tatu, Idara ya Afya na Ustawi wa Jamii. Afisa Ustawi na muuguzi mwenye mafunzo ya magonjwa ya akili wafike katika kila shule yenye kidato cha tano na sita walau mara moja kwa muhula, wala si siku ya sherehe. Mshauri wa shule awe na jina la mtu mmoja hospitali ya wilaya ambaye atampokea mwanafunzi bila ya maswali ya aibu. Mwanafunzi anayerudi zahanati mara tatu kwa kichwa au tumbo, na ugonjwa hauonekani, apelekwe kwa mtu huyo.

Nne, wazee. Wilaya hizi zimezoea kupokea watoto wa watu. Miaka ya vita vya ukombozi Nachingwea iliwapokea vijana wa FRELIMO walioacha wazazi wao ng'ambo ya Ruvuma. Haishindwi leo kumpokea kijana wa Musoma. Bodi ya shule na ichague wazee na akina mama wenye heshima, wafunzwe na kuchunguzwa vizuri, wawe wanakaa shuleni Jumamosi jioni mahali pa wazi. Anayetaka kuzungumza azungumze, asiyetaka acheze bao.

Tano, mitihani. Azimio la Musoma la mwaka 1974 lilisema wazi kwamba mtihani wa mwisho usiwe kipimo pekee cha mwanafunzi. Januari 2023 Baraza la Mitihani liliacha kutangaza orodha ya shule na watahiniwa bora, na lilifanya vema. Lakini yako mashule ambayo bado husoma majina ya walioshika mkia mstarini, mbele ya watu mia tano. Aliyeshika mkia anajua kwamba ameshika mkia. Aitwe ofisini, aulizwe kwa nini, na asikilizwe.

Sita, na hili nalisema kwa heshima, mwalimu mwenyewe. Mwalimu kijana aliyeajiriwa jana akapangwa mbali na kwao, akapanga chumba kimoja na kupewa vipindi thelathini, naye ni mgeni mwenye godoro. Anayekunywa maji ya kikombe kitupu hashibi. Maofisa elimu wanaokagua maandalio ya masomo na wawaulize walimu pia hali zao. Atakayeulizwa atajifunza kuuliza.

Ndugu zangu walimu na watumishi, Mei ijayo wengine wa vijana hawa watafanya mtihani wao wa mwisho, kisha watakwenda Jeshi la Kujenga Taifa, kisha vyuoni, kisha watakaa katika viti hivi tunavyovikalia sisi. Tutawapa vyeti. Lakini kabla ya cheti, kila mmoja wao anastahili kupata kwa walimu wake kile ambacho mzee mmoja wa darasa la nne aliweza kumpa rafiki yangu saa nane za usiku, kwa swali moja na subira ya kungoja jibu. Wakuu wa shule wanapopanga ratiba za muhula ujao, na waandike jina la mtu huyo, na jina hilo lisiwe la mshika fimbo.